Dakika sita kwa insha moja: kuketi na mwanafunzi ana kwa ana

Daftari la insha lililojaa wino mwekundu huwa na safari fupi. Mwanafunzi analifungua, anatafuta alama, anachungulia jirani yake amepata ngapi, analifunga. Masahihisho ambayo mwalimu aliyakeshea hayasomwi. Ndiyo maana nashikilia kwamba dakika sita za kuketi na mwandishi wa insha, daftari likiwa mbele yake na kalamu ikiwa mkononi mwake yeye, zinafaa kuliko saa nzima ya kusahihisha peke yako. Hilo la kalamu nitalirudia, kwa kuwa ndipo vikao vingi huharibikia.

Nazungumzia hasa insha za Kiswahili katika sekondari za Kenya, ambako mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, anaandika insha mbili katika Karatasi ya Kwanza: moja ya lazima, nyingine ya kuchagua kati ya tatu, kila moja ikiwa na alama 20 na maneno yasiyopungua 400, zote mbili kwa saa moja na dakika 45.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa kabla ya kujaribu. Chukua darasa la wanafunzi 50 na kipindi cha dakika 40. Kila mwanafunzi apewe dakika 6, na dakika 1 ya kupishana na kuandika kumbukumbu. Hao ni watano kwa kipindi, dakika 35. Tano zilizobaki ni za kuwapangia wengine kazi. Ukitenga vipindi viwili kwa wiki, darasa zima linakwisha kwa wiki tano, na kila mwanafunzi anaketi nawe mara mbili kwa muhula. Shule za bweni zinaweza kuhamishia zamu moja kwenye maandalio ya jioni. Usijaribu kuwaona kumi kwa kipindi. Kwa dakika tatu na nusu mwalimu hutoa amri tu, na mwanafunzi huitikia "ndiyo, mwalimu" kisha akaenda zake.

Wale 45 wanaobaki wafanye nini? Kazi ya kuandika kimyakimya, ambayo maelekezo yake yako ubaoni na hayahitaji ufafanuzi: kuandika upya aya moja ya insha ya wiki iliyopita, kwa mfano. Andika ubaoni pia majina matano ya siku hiyo kwa utaratibu, ili kila mmoja ajue zamu yake bila kuitwa. Mtu mwingine asije mezani. Ukimjibu mmoja tu aliyekuja kuuliza swali dogo, foleni imeanza na kikao kimekufa.

Keti mahali panapoonekana na watu wote: nyuma ya darasa, au chini ya mti ulio mkabala na madarasa. Weka viti upande mmoja wa meza. Mkikabiliana, daftari huwa limepinduka kwa mmoja wenu, na kwa kawaida mwalimu hulivuta upande wake.

Insha uisome mapema, lakini usiandike alama daftarini. Kama shule inazidai, ziweke katika rejista yako kwa penseli. Mwanafunzi akishaona 9/20, masikio yanaziba. Kila utakalosema atalisikia kama maelezo ya kwa nini ni 9. Alama zije baada ya kuandika upya.

Sasa kikao chenyewe. Dakika ya kwanza na ya pili ni zake. Mwambie afunge daftari na akueleze insha yake inahusu nini. Tuseme swali lilikuwa methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye", naye ameandika kuhusu kijana mtundu aliyetoroka shule, akaiba, akafungwa.

"Nani analia mwishoni?" unauliza.

"Mama yake."

"Nionyeshe anapolia."

Anafungua, anapekua, hapaoni. Hapo hujamwambia kosa, amelikuta mwenyewe. Methali hiyo inamhusu mzazi: aliyeogopa kumrudi mwana, kisha akavuna machozi. Insha iliyomfuata kijana hadi jela na kumwacha mama jikoni imeshughulikia nusu ya methali, na mtahini hawezi kuipandisha hata kama lugha yake ni safi. Kazi ya dakika zilizobaki imeshajulikana: aya moja inayomwonyesha mama akimtetea mwanawe mbele ya mwalimu mkuu, na nyingine inayomwonyesha langoni mwa gereza.

Nasisitiza jambo moja kwa kikao kimoja. Mwalimu aliyezoea kuweka alama kila mahali hulipata hili kuwa gumu, kwa kuwa jicho lake linaona "kwasababu" iliyoshikamana, "ambaye anayekuja", herufi kubwa iliyosahauliwa. Acha. Fuata utaratibu huu: maudhui kwanza, kisha mpangilio wa aya, kisha sarufi na msamiati, mwisho hijai. Sababu ni rahisi: hakuna faida ya kunyoosha tahajia ya aya ambayo itafutwa kesho. Insha za uamilifu, yaani zile zenye muundo maalumu kama barua, zina ubaguzi kidogo. Barua rasmi iliyokosa anwani ya mwandikiwa au mada haihitaji kikao. Mpe mfano wa barua iliyokamilika, alinganishe, ajaze mwenyewe.

Kosa likiwa la sarufi, mwache asome aya hiyo kwa sauti huku wewe ukifuata kwa macho. Mara nyingi ataandika "kitabu yangu" lakini atasoma "kitabu changu". Ulimi unajua, mkono uliteleza. Anachohitaji ni mazoea ya kuipitia kazi yake kabla ya kuitoa. Akisoma "kitabu yangu" vilevile ilivyoandikwa, basi kanuni yenyewe haijui, na unapaswa kumfunza upatanisho wa ngeli hapo hapo kwa mifano miwili mitatu. Makosa mawili yanayofanana karatasini, dawa mbalimbali.

Njia hiyo ina mpaka wake. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi r na l atasoma "karamu" na "kalamu" sawasawa, kwa hiyo sikio lake halitamsaidia. Huyo mwanzishie orodha nyuma ya daftari: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura, pamoja na maneno yake mwenyewe anayoyakosea. Matano yatosha kwa mara moja. Na lisemwe kwa sauti ya chini. Hilo ni jambo la lugha ya nyumbani kwao, wala si aibu, na darasa likicheka ataacha kutumia neno lolote lenye herufi hizo.

Utakutana sana na utangulizi wa kukariri. Jua linachomoza, ndege wanaimba, umande unameremeta, mistari minane imekwisha na hakuna lililotendeka. Usiubeze; pengine ndio aliofunzwa na akasifiwa kwao shule ya msingi. Muulize: "Kisa chako kinaanzia wapi? Weka kidole." Akishaweka kidole, aweke mabano kwenye yote yaliyo juu yake na asome insha kuanzia hapo. Wengi huamua wenyewe kufuta.

Kimya nacho kina maana yake. Watoto wetu wengi wamelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kutojibu haraka. Ukiuliza swali, hesabu moja hadi kumi moyoni kabla ya kuongeza neno. Mwalimu asiyestahimili kimya hujijibu, na kuanzia hapo hotuba ni yake hadi kengele ilie. Swali la "umeelewa?" liondoe kabisa, kwa kuwa lina jibu moja tu. Badala yake sema, "Hebu andika sentensi ya kwanza ya aya hiyo, nikiwa hapa."

Hapo ndipo kalamu inapohusika. Dakika ya tano na ya sita ni za kuandika. Mwalimu akiichukua kalamu na kuandika sentensi nzuri, mwanafunzi atainakili, na umepata insha yako wewe katika daftari lake. Sentensi yake ikiwa dhaifu, muulize swali jingine: mama alikuwa amevaa nini, alisema nini kwa mwalimu mkuu? Namruhusu mwalimu kushika kalamu katika hali moja: mwanafunzi amekuja na ukurasa mtupu. Huyo azungumze, wewe uandike maneno yake yaleyale kwenye karatasi, bila kuyapamba, kisha umkabidhi. Ataona kwamba alikuwa na la kusema.

Wale wanaopata 16 na 17 wasirukwe. Waulize ni sentensi gani wanaitilia shaka. Huwa nayo, na huwa wanakosa mtu wa kuwauliza.

Kumbukumbu ziwe fupi: tarehe, insha, jambo moja, kazi aliyopewa, na nafasi ya tiki. Mstari mmoja kwa mwanafunzi. Baada ya kuwaona kama ishirini, pitia mistari hiyo. Ukikuta jambo lilelile kwa wanane au tisa, liondoe kwenye vikao na ulifunze darasa zima kwa dakika 15, ili vikao vinavyofuata vibaki na yale ya mtu binafsi.

Siku ya tatu, mwite tena kwa nusu dakika, hata ukumbini baada ya paredi. Tazama aya ile tu mliyokubaliana. Usifungue ukurasa mwingine, usianze kusahihisha upya. Kama mama sasa yuko langoni mwa gereza, weka tiki kwenye mstari wake, naye aende darasani.