Kichaka Kinachonukia Nazi

Jana nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi ya pili, mkono ukasita wenyewe. Mtoto wa kaka yangu, yule msumbufu, akauliza, "Shangazi, umejikata?" Sikuwa nimejikata. Nilikuwa Cornwall.

Najua. Watu walioko ughaibuni wakisikia harufu ya nazi ndio hukumbuka nyumbani. Mimi nimesharudi, niko uani kwetu, kifuu mkononi, na nazi ikanichukua ikanirudisha Uingereza. Mambo yangu mnayajua, hayajawahi kwenda mbele.

Ilikuwa Juni 2014, mwanzo wa Shaabani, goti likiwa bado ni goti. Mbio za kilomita 71, kutoka Lizard, ncha ya kusini kabisa ya kisiwa kile, hadi Land's End, ambako England inaishia upande wa magharibi. Njia ni ile ya pwani ya kusini-magharibi, kilomita 1,014 ukiifuata yote. Sisi tulionjeshwa kipande, na kipande kilitosha.

Mtu akisikia mbio za pwani anafikiria mchanga wa Paje, sawa mpaka macho yanachoka. La. Njia ile ilianza kama doria ya askari wa pwani waliokuwa wakivizia magendo, na askari wa magendo hana njia ya mkato: lazima achungulie kila hori, kila kipango ambamo mashua inaweza kujificha. Kwa hiyo inashuka hadi karibu na maji, inapanda hadi juu ya genge, inashuka tena, inapanda tena. Ukiijumlisha mipando yake yote toka mwanzo hadi mwisho inafika kama mita 35,000. Nilipoelezwa nilicheka sana. Kumbe ni KMKM yao, kikosi chao cha kuzuia magendo, ndiyo iliyotuchorea njia! Huku kwetu wanavizia karafuu, kule walivizia chai na pombe kali. Zikapita zama, akatokea nesi wa Kizanzibari, akatoa pesa yake mwenyewe ya zamu za usiku, ili apande vilima vya askari waliokwisha kufa.

Ya mwanzo nayapita. Tuliondoka asubuhi na mapema. Kynance, mawe mekundu na kijani, yana madoa kama ngozi ya chatu. Mullion. Porthleven, bado nina nguvu, nazungumza na kila mtu hata wasiotaka. Marazion maji yalikuwa yamejaa, kasri la St Michael's Mount limebaki peke yake baharini. Yakipwa watu huvuka kwa miguu. Penzance lami, na baada ya kilomita arobaini lami inauma kuliko jiwe. Mousehole nikatapika. Tuendelee.

Baada ya Lamorna njia inageuka kuwa mawe. Simaanishi kokoto. Mawe ya kukamata kwa mikono, unainua mguu mmoja kwa kuushika paja kana kwamba ni wa mtu mwingine. Tumbo lilikuwa limeshakataa vile vipakiti vya jeli ya sukari. Nikigusa kimoja tu, mate yanajaa mdomoni. Jua lilikuwa la kwao, halikaushi hata kanga, lakini lilikuwa kichwani mwangu tangu asubuhi. Chini yangu kushoto mnara wa taa wa Tater Du, mweupe, mdogo, kama chumvi iliyomwagika. Nilikuwa peke yangu muda mrefu.

Hapo nikasikia harufu ya nazi.

Haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa nazi iliyokunwa sasa hivi, kabla hujatia maji, ile inayobaki kwenye vidole hata ukinawa. Nikasimama. Nikageuka nimwone anayepika. Nyuma hapana mtu, mbele hapana mtu, kushoto bahari, kulia vichaka vya maua ya manjano vimepanda kilima kizima. Kazi yangu ikaniingia kichwani: mgonjwa ametapika, hajala, ana kizunguzungu, anasikia harufu ya kitu kisichokuwepo. Mgonjwa huyo wodini kwangu ningemlaza. Nikaweka vidole viwili shingoni, macho kwenye saa, nikahesabu. Mapigo yalikuwa ya mtu anayekimbia, basi. Nikavuta pumzi kwa tahadhari, kama unavyoonja uji wa moto. Nazi.

Upepo ukaja tena kutoka kulia. Nikaifuata harufu hatua tatu, nne, nikainama, nikatia uso kwenye kichaka.

Kilinichoma. Vichaka vile havina majani ya kusema ni majani, vina miiba, migumu na ya kijani, imesongamana kama mswaki wa chuma, na maua yamekaa ndani yake kwa starehe. Lakini sikuutoa uso. Nilikuwa nayatazama yale maua kwa karibu mno, jicho moja limefumba, na maua yenyewe yalikuwa ya mbaazi! Umbo lile lile, lile bawa la juu na kile kidomo cha chini, manjano ile ile. Ua la mbaazi, harufu ya nazi. Yaani Mungu alitandaza mbaazi za nazi pwani nzima ya makafiri, akasahau maandazi. Nikaanza kucheka, na kicheko cha baada ya kilomita hamsini na kitu hakikai kicheko kwa muda mrefu. Damu kidogo kwenye shavu, kamasi, machozi, na poda ya manjano puani.

"Uko salama, mpenzi?"

Alikuwa mzee, namkadiria miaka sabini, ndevu nyeupe, soksi hadi magotini, namba 212 kwenye paja. (Neno hilo lisiwashtue. Wazee wa Cornwall humwita kila mtu mpenzi, hata muuza samaki.) Nikamwambia nyumbani kwetu kunanukia hivi. Sikusema zaidi, Kiingereza changu kilikuwa kimebaki Mousehole. Hakushangaa. Akasema kichaka kinaitwa gorse, na ndiyo, ni nazi, kila mtu anasema ni nazi. Kisha akanipa msemo wao: gorse ikiacha kuchanua, na kubusiana kumepitwa na wakati. Akaona uso wangu, akafafanua haraka kwamba gorse haiachi kuchanua, siku zote kuna kichaka kimoja chenye ua. Nikajiona, mtoto wa watu, nimevuka bahari ngapi, nasomewa methali ya mabusu na mzee wa makamo ya babu yangu, na uso una miiba.

Alikuwa na ile sambusa yao kubwa, pasty, lakini nyama yake sikuijua. Akaelewa bila kuuliza. Akatoa mfuko wa plastiki wenye viazi vidogo vya kuchemsha vilivyoviringishwa kwenye chumvi. Nilikula saba. Vilikaa.

Tukaenda pamoja. Pale St Loy njia inakatiza juu ya majabali ya duara ufukweni, na alinishika mkono jiwe kwa jiwe, au nilimshika mimi, sikumbuki vizuri. Penberth. Kisha Porthcurno, mchanga mweupe na maji ya rangi ya Nungwi, baridi tu ndiyo inayoyaumbua. Juu ya mchanga kuna kijumba kidogo. Akaniambia hapo ndipo nyaya za simu za maandishi za chini ya bahari zilipokuwa zikiingia nchi kavu. Kutoka ufuko huu mwaka 1870 habari zilianza kwenda mpaka Bombay kwa waya.

Nikamwambia ncha ya pili naijua mimi. Waya wa kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, na zamani za babu yangu mzaa mama bado habari za mbali zilikuja kwa njia hiyo. Alikuwa tarishi wa ofisi ya simu, Shangani, anapeleka simu za maandishi kwa baiskeli, na watu wakisikia kengele yake wanaanza kulia kabla hajashuka. Simu ilikuwa msiba. Kulikuwa na bibi mmoja mtaa wa Malindi alikuwa akiipokea, anatia dole gumba, anaiweka juu ya meza ikiwa imefungwa, kisha anamwambia babu akae anywe chai kwanza. Babu anakunywa. Bahasha ipo pale. Bibi anauliza habari za watoto.

Mzee alicheka kwa upole, akakaa chini kwenye mchanga. Nikadhani anatoa mawe kiatuni. Akasema goti lake limemwambia tusubiri, nitangulie, njia itafungwa saa zikifika na mimi bado nina miguu. Nikasema tutakwenda wote. Akasema nenda, mpenzi. Nikasema haiwezekani. Nikaenda.

Hapa sipambi. Sikumsihi mara ya tatu. Kwetu mgeni tu anakaribishwa chakula mara tatu.

Ngazi za Porthcurno zimechongwa kwenye mwamba, nyingine zinafika magotini. Juu kuna ule ukumbi wa maigizo uliochimbwa kwenye jabali, Minack, na nilipokuwa natambaa nikasikia watu wengi wanapiga makofi. Nikainua mkono. Walikuwa wanawapigia waigizaji.

Yaliyobaki yalikuwa kilomita zisizofika kumi na sina la kuyasema. Nilimaliza. Nikafungwa blanketi, nikavishwa medali, nikapandishwa basi la mwisho huku natetemeka, na basi lilipoondoka nilikuwa nimetazama mbele.

Matokeo waliyatoa mtandaoni kesho yake, jina, namba, saa. Langu nilitumiwa na rafiki, kipande hicho tu. Orodha nzima sijaifungua, na 212 ninaikumbuka kuliko namba yangu ya benki.

Mtoto alisikiliza yote haya, ameacha hata kula vipande vya nazi. Akauliza, "Kwa hiyo yule babu alifika?"

Nikasema sijui.

"Si uangalie kwenye simu tu, Shangazi?"

Simu ilikuwa juu ya meza, imelala kifudifudi. Nikamwambia alete kifumbu, nazi inakauka.