Singo saba, nane au tisa? Ubishi wangu na Hajji wa Bombo

Kipindi changu huruka Jumamosi, saa tatu usiku hadi saa tano, kwa Kiswahili, kwenye redio ndogo hapa Kampala. Wasikilizaji wetu ni madereva wa malori, askari na wastaafu wao, Wanubi wa Bombo, Wakongomani wa Katwe na Nsambya, na Waganda wachache wanaojizoeza lugha. Kila wiki nachukua albamu moja ya pop, napiga singo zake, yaani nyimbo zilizotolewa peke yake, kwa mfuatano zilivyotoka, na katikati nasimulia. Nilidhani ni kazi ya kukaa na daftari nusu saa tu. Ikanichukua miezi.

Wiki ya tatu nilileta Bad ya Michael Jackson, iliyotoka Agosti 1987. Nikatangaza kwamba ina singo saba, na kwamba tano za mwanzo zilishika namba moja Marekani, jambo ambalo albamu nyingine haikuwa imelifanya kabla yake. Orodha niliyoitegemea ilikuwa ya Marekani, ila wakati huo sikuona kama hilo lina uzito. Mwishoni nikaongeza "Liberian Girl", kwa kuwa unaanza na maneno ya Kiswahili yanayosemwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Kwa nini msichana wa Liberia abembelezwe kwa Kiswahili, mimi sijui; Liberia na Kiswahili wapi na wapi. Lakini lugha ni yetu, nikaona haya. Nikasema, "Huu haukuwahi kuwa singo, nawapigia kwa mapenzi tu."

Wimbo haujafika nusu, simu ikaita.

"Asalaam aleikum, binti yangu. Umedanganya hewani."

"Waaleikum salaam, mzee wangu. Nimedanganya nini tena?"

"Huo wimbo ni singo. Santuri yake ninayo hapa Bombo, kwenye kabati. Njoo uishike kwa mkono wako."

Jumanne nikapanda taksi, tukapita Kawempe, Matugga, hadi Bombo. Hajji alikuwa dereva wa lori miaka mingi, Mombasa hadi Kampala, na kila safari alirudi na kaseti au santuri. Mkewe alinipa chai ya tangawizi na mandazi kabla sijaulizwa hata jina. Kisha mzee akafungua kabati, na kweli: santuri ndogo ya inchi saba, jalada lake lenyewe, "Liberian Girl" upande wa kwanza. Ilitolewa Uingereza na Ulaya mwaka 1989. Marekani haikutolewa kabisa. Orodha yangu ilikuwa sahihi kwao, na santuri ya Hajji ilikuwa sahihi mkononi mwake.

Nilipoomba radhi alinyoosha vidole. "Basi ni nane."

"Hajji, ukihesabu hivyo ni tisa. Kuna 'Leave Me Alone'."

"Hiyo haimo kwenye Bad."

Akatoa kaseti. Nyimbo kumi, na "Leave Me Alone" haipo. Nami kwenye simu yangu nina kumi na moja. Tulibishana kama nusu saa, mandazi yakaisha, mpaka nikakumbuka: wimbo ule uliwekwa kwenye CD tu, santuri kubwa na kaseti za mwanzo hazikuwa nao. Mwaka 1989 ukatolewa kama singo nje ya Marekani na ukafika namba mbili Uingereza. Mzee alikuwa akiupenda miaka yote akiamini ni wa albamu nyingine. Kwa hiyo mimi nilikuwa na saba, yeye nane, na jibu la Uingereza ni tisa. Zilizobaki bila kutolewa peke yake ni mbili, "Speed Demon" na "Just Good Friends".

Kwenye taksi ya kurudi ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nauliza, "Je, wimbo huu ni singo?" kana kwamba usingo umo ndani ya wimbo, kama vile sauti ya besi. Usingo ni uamuzi wa kampuni: mahali fulani, siku fulani, wameamua kuutoa wimbo huu uende sokoni peke yake. Wimbo ule ule London ni singo, New York ni wimbo wa albamu tu. Tangu hapo daftari langu lina safu ya nchi, na sikubali kuandika jina la wimbo kabla sijaijaza.

Safu ya pili ni njia uliyotoka: uliuzwa dukani, au ulipelekwa redioni tu? Hapa nilisumbuka zaidi ya pote. Zamani kampuni zilikuwa zinachapa nakala za promo kwa ajili ya watangazaji, haziuzwi, na mtu akikuta moja sokoni leo anaapa kuwa ni singo. Nilikuwa naelekea kuzikataa zote, hadi nikakutana na "Don't Speak" ya No Doubt. Wimbo huo ulikaa wiki 16 kileleni mwa chati ya redio ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na haukuingia Hot 100, chati yao kuu ya singo, hata siku moja, kwa sababu Marekani haukuuzwa kama singo na kanuni ya wakati huo ilidai uuzwe. Kampuni zilikuwa na ujanja wao: usipouza singo, mtu anayeutaka wimbo lazima anunue albamu nzima. Billboard walibadilisha kanuni hiyo Desemba 1998. Sasa niambie, wimbo uliopigwa kuliko wote nchini kwao utauitaje "wimbo wa albamu tu"? Niliamua kuuandika singo, na pembeni yake neno "redio". Wapo watakaonipinga, na hoja yao ninaielewa. Lakini kipindi changu kinahusu nyimbo zilizosukumwa mbele ya watu, si risiti za maduka.

Video hainishawishi. "Speed Demon" ina video yake ndani ya filamu ya Moonwalker ya mwaka 1988, na bado haikuuzwa peke yake. Upande wa pili wa santuri nao ulinipa taabu: "We Will Rock You" ya Queen ilitoka mwaka 1977 nyuma ya "We Are the Champions", na leo uwanjani watu wanaimba huo wa nyuma kwa nguvu zaidi. Huo niliuhesabu pamoja na mwenzake, kama mapacha. Na jihadhari na mwaka ulioandikwa kwenye lebo: herufi P ndani ya duara inaonyesha mwaka rekodi yenyewe ilipotolewa mara ya kwanza, hivyo singo iliyotoka miaka miwili baada ya albamu inaweza kubeba mwaka wa albamu. Mimi nilitaka kubishana na Hajji kwa sababu ya herufi hiyo.

Chati ndiyo ilinidanganya kuliko vyote nilipofika albamu za karibuni. Zamani wimbo ukiwa kwenye chati ya singo, ni singo, kwisha maneno. Mwaka 2017 Ed Sheeran alitoa albamu ya ÷ (inasomwa Divide), na nyimbo 16 za toleo lake refu zikaingia zote ndani ya 20 bora za Uingereza kwa wiki moja, kwa vile watu walikuwa wanasikiliza albamu nzima mtandaoni na kila wimbo ukihesabiwa kivyake. Zilizotangulizwa kama singo rasmi zilikuwa mbili, "Shape of You" na "Castle on the Hill", siku moja, Januari 6. Baadaye mwaka huo Waingereza wakaweka kwenye chati yao kikomo cha nyimbo tatu kwa msanii mkuu mmoja. Marekani mwaka 2022 Taylor Swift alijaza nafasi zote kumi za juu kwa nyimbo za Midnights. Singo kumi? Hapana. Hiyo ni albamu moja imekaa kwenye viti kumi.

Haya, nikadhani nimekwiva. Kisha akaja msanii wa hapa hapa Kampala, nisiyemtaja, na flashi ya nyimbo kumi na nne. Nikamuuliza, "Singo ni zipi?"

"Zote, dada."

Nilicheka, kisha nikaona amesema kweli. Hapa kwetu mambo yanaanzia upande wa pili. Wimbo unatoka wenyewe, unapelekwa kwa DJ na watangazaji, unapigwa kwenye baa na kwenye taksi, video inafuata, na baada ya mwaka mmoja au miwili nyimbo zinakusanywa, tamasha linafanywa, na hilo tamasha ndilo linaloitwa albamu. Kwa albamu ya Marekani natafuta singo ndani ya nyimbo nyingi. Kwa ya Uganda ilibidi nitafute nyimbo ambazo si singo. Nilimketisha, nikamwuliza wimbo mmoja mmoja: huu uliupeleka redioni lini? Jalada lake liko wapi? Watu waliujua kabla ya tamasha? Tisa alizijibu bila kufikiri. Tano alianza kutafuna maneno, na mwisho akakiri alizirekodi wiki ya mwisho ili flashi ijae. Hizo tano ndizo nyimbo za albamu. (Mbili kati yake ni nzuri kuliko zile tisa, lakini hilo si swali langu.)

Kurasa za wasanii mtandaoni hazikutusaidia sana. Huko kitu chenye wimbo mmoja hadi mitatu kwa kawaida kinawekwa kwenye fungu la singo, hata kama ni remiksi ya remiksi au rekodi ya jukwaani. Mimi huko naangalia tarehe tu: wimbo ulitoka peke yake kabla ya albamu, siku ile ile, au baadaye?

Mwezi uliofuata nilirudia kipindi cha Bad. Nilisema hewani: Marekani saba, Uingereza tisa, na Bombo nane kwa sababu ya kaseti. Nikapiga zote tisa kwa tarehe zake, hadi "Liberian Girl" mwishoni, mahali pake halali.

Hajji alipiga simu nikiwa nakusanya vitu vyangu niondoke. Nilijiandaa kwa ubishi mwingine.

"Binti yangu, ile 'Leave Me Alone'... unaweza kunitilia kwenye flashi? Nitamtuma mjukuu kesho."