Meza Moja ya Bibi na Wajukuu Malindi

Kaka yangu alipoteremka kutoka Nairobi na mkewe na watoto wao wawili ili wapumzike Malindi likizo ya Desemba, mama na mimi tulipanda matatu kutoka Mombasa tukaungana nao, na mizigo haijafunguliwa nilikwisha kukabidhiwa kazi: kutafuta mkahawa ambapo sote sita tungekula meza moja na kila mmoja akainuka ameridhika. Wifi yangu aliniambia nisijisumbue sana, kwa kuwa mji ule haukosi pa kula. Hilo ni kweli, lakini mimi nilikuwa nawajua walaji wangu. Mama ni mtu wa wali na samaki. Hakai mahali ambapo nyama ya nguruwe inapikwa, wala hakubali sala ya magharibi impite kwa sababu ya sahani iliyochelewa. Watoto, kwa upande wao, walikuwa wameimba neno piza tangu walipotoka nyumbani.

Msichana alikuwa na miaka 12 na mdogo wake wa kiume 11, na umri huo ndio ulionifikirisha zaidi. Mtoto wa miaka mitano ukimpa vibanzi atatulia, na kijana wa miaka 16 anaweza kuvumilia mazungumzo ya wakubwa hata kama hayamfurahishi. Aliye katikati yao amekwisha kuchoka kuitwa mtoto na bado tumbo lake halijapata subira ya mtu mzima. Njaa humjia mapema jioni, na akiwekwa kwenye kiti nusu saa bila cha kula wala cha kutazama, jioni ya watu wote huharibika. Kwa hiyo niliamua kwamba nisiyatazame majina ya vyakula peke yake, bali niulize kwanza habari za kungoja.

Asubuhi iliyofuata, wenzangu walipokwenda kuogelea, nilishika njia ya Barabara ya Lamu nikaingia mkahawa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulipendeza sana, una viti vya mto na upepo wa bahari, lakini jiko lake lilikuwa likiwashwa saa moja na nusu usiku, na menyu yake ilikuwa na ukurasa wa watoto uliopambwa kwa picha za wanyama, wenye soseji, vibanzi na vipande vya kuku wa kukaanga. Sioni heshima yoyote katika kumpa msichana wa miaka 12 ukurasa kama huo huku nduguze wakubwa wakijichagulia kamba na ngisi. Nilishukuru nikatoka. Hoteli nyingine, karibu na soko, ilinukia pilau na samaki wa kupaka hata nikatamani kuketi papo hapo, na mama angeipenda kwa moyo wote. Ila masufuria yake yalikuwa yakioshwa alasiri, na jioni haikuwa na chochote zaidi ya chai.

Niliouchagua ulikuwa na ua mpana wenye mwembe, na ndani ya ua kulijengwa tanuri la kuni ambalo kila aliyeketi aliliona, pamoja na jiko la makaa kando yake. Nilimwendea mpishi mwenyewe.

"Kaka, samahani, nyama ya nguruwe huingia jikoni humu?"

"Haijaingia wala haitaingia, dada. Mwenye mkahawa ni Muislamu. Piza zetu ni za kuku, za nyama ya ng'ombe, za mboga na za jodari."

Nilimuuliza tanuri hupata moto saa ngapi, akasema alasiri kuni huwa zimekwisha kushika, na kwamba piza ikiingia humo haichukui dakika nyingi. Samaki wa kupaka alikuwa jambo jingine, akaniomba niagize mapema. Hakuwa akijitetea. Samaki huyo hupasuliwa, hutiwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, huachwa viungo vimwingie, huchomwa juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju, akigeuzwa na kupakwa tena mpaka rojo limshike. Anayefanyiwa haraka huonekana mara moja mdomoni. Niliagiza changu wawili wakubwa wawe tayari baada ya magharibi. Desemba kaskazi inapoanza kuvuma bahari hutulia kuliko wakati wa kusi, na changu wa siku ile walikuwa wabichi, macho yao bado maangavu. Kabla sijaondoka nilikagua ngazi, kwa kuwa magoti ya mama hayapendi kupanda. Nikaonyeshwa chumba cha wanawake cha kusalia. Na nikahakikisha kwamba bei zilizoandikwa zilikuwa zimekwisha kujumlisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, ili kaka yangu asishtuke wakati wa kulipa.

Tulifika saa kumi na moja na nusu jioni. Kwanza vililetwa viazi karai na chatini ya ukwaju, pamoja na madafu, na hilo peke yake lilituokoa na manung'uniko ya njaa. Mvulana hakumaliza hata dafu lake. Aliinuka akaenda kusimama mbali kidogo na tanuri, mahali alipoonyeshwa na mpishi, akatazama donge la unga likizungushwa na kutandazwa mpaka likawa duara. Dada yake alibaki akiisoma menyu kuanzia mwanzo, ile ile waliyopewa wakubwa. Kaka yangu aliwapa shilingi 1,500 wagawane wao wawili na wajichagulie wenyewe. Wifi alitaka kumwagizia binti yake kuku, nikamshika mkono.

"Wifi, tumwachie. Akikosea tutamsaidia kula."

Binti akamuuliza mhudumu kama pweza wa nazi alikuwa mkali. Mhudumu yule, Mungu amjalie, hakumgeukia mama yake ili amjibu yeye; aliinama kidogo akamweleza msichana kwamba pilipili hutiwa nzima bila kupasuliwa, kwa hiyo huacha harufu zaidi ya ukali, na kwamba pweza huchemshwa polepole mpaka alainike. Akaagiza pweza na wali. Ndugu yake alitaka piza kubwa ya jodari, wakapiga hesabu, wakabishana kwa sauti ya chini, na mwisho akakubali ya kiasi ili pesa za aiskrimu zisalie. Sikuwahi kuwaona wakisikilizana kwa muda mrefu namna ile.

Tulipokuwa tukingoja, mvulana aliuliza kwa nini Malindi kuna piza nyingi kuliko hata mitaa mingine ya Nairobi. Kaka yangu alifurahi, kwa sababu swali hilo jibu lake ni refu na analipenda. Alimweleza kwamba katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na kwamba majukwaa yenyewe yalisimamishwa ndani ya bahari; kwamba tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo; na kwamba walipachagua kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa kasi kubwa zaidi na kuipunguzia kazi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Wahandisi walikuja na wapishi wao na hamu zao za chakula cha kwao, Waitaliano wengine wakawafuata kwa ajili ya pwani, wakajenga nyumba na hoteli. Mama akasema kwamba alizisikia habari za roketi hizo redioni akiwa msichana, na wajukuu wake wakamgeukia yeye kwa maswali. Sijui ni mkahawa gani mwingine ungetupa mazungumzo kama hayo, kwa kuwa jibu lilikuwa likiiva mbele ya macho ya aliyeuliza.

Adhana ilipolia, mama na wifi walikwenda kusali, na waliporudi changu waliletwa wakiwa bado wanatoa mvuke. Tulinawa mikono. Msichana alimaliza pweza wake wote akaomba na rojo la samaki la kulowanisha wali. Mvulana alimkatia bibi yake kipande cha piza, naye baada ya kuuliza mara nyingine kama nyama yake ni jodari kweli, alikila polepole, kisha akasogeza sahani.

"Nikatie na kingine, mjukuu wangu. Kile chenye vitunguu vingi."

Siku iliyofuata kaka yangu aliwaachia watoto kazi ya kuchagua, nami nikafuatana nao. Katika mkahawa wa kwanza, msichana aliuliza jiko huwashwa saa ngapi, wakaondoka. Katika wa pili, upande wa gati, mvulana aliuliza kama bibi yake angepata pa kusalia na kama mlikuwa na ngazi. Alipojibiwa vizuri, waliagiza kuku wa kupaka na vibanzi, wakamsomea mwenye mkahawa namba ya simu ya baba yao, wakamwambia tutafika kabla ya saa kumi na mbili.