Mpira wa Mkojo Ukigoma

Kigoma, usiku, mvua.

Dharura za njia ya mkojo ni nyingi, ila inayonirudia kichwani ni ile ya mzee ambaye mkojo umemfunga tangu jana. Anaingia ameinama, jasho linamtoka, tumbo la chini limejaa hadi karibu na kitovu. Saa hiyo haraka yetu inaweza kumdhuru kuliko tezi dume iliyovimba na kumzibia njia.

Kwanza papasa tumbo. Kibofu kilichojaa hushikika kama tufe juu ya mfupa wa kinena, na ukigonga kwa kidole sauti ni nzito. Aliyeharisha siku mbili naye hakojoi, lakini kibofu chake kitupu. Huyo anahitaji maji mwilini. Kisha uliza kama ameanguka. Huku kwetu watu hukwea michikichi. Mkwezi akiteleza, au mvuvi akiangukia ukingo wa mtumbwi kwa msamba, mrija wa mkojo unaweza kuchanika. Ukiona damu kwenye tundu la uume, usipitishe mpira wa kutolea mkojo kabisa: unaweza kugeuza mchaniko mdogo kuwa mkatiko kamili.

Kwa asiye na jeraha, chukua Foley, mpira wenye puto karibu na ncha, saizi 16. Jeli ya lignokaini ya asilimia 2, mL 10 hadi 15, iingize taratibu, bana uume kwa upole, subiri dakika 5. Hizo dakika ndizo tunazozikata foleni ikiwa ndefu, na ndizo zinazohitajika zaidi. Jeli isiyopewa muda hulainisha tu bila kutia ganzi. Mgonjwa akikaza misuli kwa maumivu, njia inajifunga. Inua uume wima, mwambie avute pumzi ndefu. Mkojo ukitokea usijaze puto bado. Sukuma mpira mpaka panda yake, pale unapogawanyika, ifike kwenye tundu, ndipo utie mL 10 za maji ya sindano. Maji ya chumvi yanaweza kuacha chembe zikaziba njia ya puto, na siku ya kuutoa mpira, puto likakataa kunywea. Akilia unapojaza, acha na uyavute maji: huenda puto limo ndani ya mrija. Asiyetahiriwa, mrudishie govi. Likisahauliwa nyuma huvimba na kukaba kichwa cha uume, na hiyo ni dharura ya pili tuliyoitengeneza wenyewe.

Mpira ukikwama mbali, karibu kabisa na kibofu, kwa mzee mwenye tezi dume, jaribu saizi 18, hasa wenye ncha iliyopinda, ncha ikielekea juu. Mpira mwembamba hujikunja hapo. Ukikwama mapema kwa mtu aliyewahi kuugua kisonono, mrija huenda umesinyaa. Jaribu saizi 12, mara moja, bila nguvu. Baada ya hapo simama. Msukumo wa nguvu hutoboa njia ya uongo pembeni, na atakayempokea mgonjwa atahangaika kuitafuta ya kweli.

Kinachofuata ni kuvuta mkojo kwa sindano juu ya kinena, na natamani kila tabibu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika aijue njia hiyo, maana kutoka kijiji cha Kalya hadi Hospitali ya Maweni mjini Kigoma ni safari ya saa nyingi. Kibofu lazima kipapasike, la sivyo usianze. Safisha ngozi, pima vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, katikati kabisa. Tia ganzi, lignokaini ya asilimia 1. Chukua sindano ya uti wa mgongo namba 22, ichome wima huku ukivuta bomba la sindano. Kwa mtu mwembamba mkojo huja kabla ya sm 5. Ukiukosa usichokonoe, rudi hadi chini ya ngozi uelekeze upya. Mwenye kovu la upasuaji hapo chini usimchome, utumbo unaweza kuwa umenata. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayeshukiwa saratani ya kibofu. Kibofu kitajaa tena baada ya saa chache, kwa hiyo rufaa ianze papo hapo.

Wapo bado wanaobana mpira kila mL 500 za mkojo zinapotoka, kwa kuhofia kibofu kutoa damu. Faida yake haijathibitika; acha utoke wote. Mimi huhofia zaidi saa zinazofuata. Mkojo ukizidi mL 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, figo zinamwaga maji na chumvi. Pima presha, mpe anywe. Asipoweza, dripu irudishe takriban nusu ya kilichotoka. Mfuko wa mkojo usiopimwa usiku unaweza kutupa mgonjwa mwenye presha iliyoshuka alfajiri.

Kwenye barua ya rufaa andika saizi ya mpira, majaribio mangapi, na mkojo uliotoka robo saa ya kwanza. Ukizidi lita 1 na mzee hakuwa na maumivu makali, kibofu hicho kimejaa kwa muda mrefu, na figo zake zipimwe siku hiyohiyo.