Uzoefu wangu: Nilivyolipia springi na shokapu mpya za Land Cruiser jijini Dar es Salaam

Gari ninalotumia ni Land Cruiser 78, lile tunaloliita hardtop, lenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola vijijini, na barabara ninayoijua kuliko hata ile ya kwetu ni inayoacha lami pale Kibiti na kuelekea Mloka, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka jana springi za nyuma zilikuwa zimelala kiasi kwamba nikishapakia paneli, mabomba na jenereta, gari lilinyanyua pua kama boti, na taa zake ziliwaumiza macho madereva niliopishana nao usiku tangu Mkuranga mpaka Mbagala Rangi Tatu. Shokapu moja ilikuwa imevuja mafuta, ikashika vumbi juu hadi chini kama andazi lililobingirishwa kwenye sukari.

Fundi wangu wa miaka mingi yuko eneo la Gerezani hapa mjini, na angenifungia kwa robo ya gharama ya ufundi niliyolipa baadaye. Yeye mwenyewe ndiye aliyenirudisha nyuma. "Bosi, kufunga si tatizo," aliniambia, "ila ukiuziwa kopi mtaani, springi ikilala baada ya miezi mitatu utaniona mimi ndiye mbaya." Nilihitaji pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa ajili ya hesabu za ofisi, pamoja na dhamana ya maandishi. Ndiyo maana nilikwenda kwa kampuni moja inayouza magari hapa mjini, yenye karakana yake na inayoagiza seti kamili za springi na shokapu.

Mshauri wa huduma alinipokea vizuri, akanipa maji ya baridi, akaanza kuandika profoma ya seti "nzito" ya kuinua gari kwa milimita 50 kabla hajaniuliza ninabeba nini. Hapo nilimwomba asimame kidogo. Springi hizi hutengenezwa kwa madaraja ya mzigo, na urefu ulioandikwa kwenye boksi hupatikana tu gari likiwa na uzito uliokusudiwa. Ukichukua springi nyepesi kuliko mzigo wako italala upesi, na ukichukua nzito mno gari likiwa tupu litakurusha kila unapopita rasta. Shokapu haibebi uzito hata kidogo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda, na katika barabara yenye mawimbi madogo madogo mfululizo, kama ile ya Mloka, mafuta yaliyomo ndani huchemka na kufanya povu, na ndipo gari linapoanza kuelea na kuyumba mkia. Kwa hiyo daraja la springi na aina ya shokapu huchaguliwa kwa pamoja, kwa kuangalia uzito halisi.

Uzito halisi sikuwa nao. Kesho yake nilipakia vifaa vyote vya safari ya kawaida, nikajaza tangi, nikaenda kwenye yadi ya vyuma chakavu yenye mizani ya malori, nikapima ekseli moja moja. Mbele ilisoma kilo 1,240, na nyuma kilo 1,720. Karatasi ile ya mizani, iliyonigharimu soda mbili za kijana wa getini, ilikuwa na faida kuliko maneno yote tuliyozungumza siku ya kwanza, kwa sababu mshauri alipoiona alibadilisha mwenyewe chaguo lake: nyuma daraja la mzigo wa kudumu, mbele daraja la kubeba ngao na winchi, bila kwenda juu zaidi. Profoma ya mwisho ilikuwa na vifaa vya Sh 4,900,000, ufundi Sh 700,000 na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, Sh 100,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, jumla ikawa Sh 6,726,000. Nililipa nusu, na baada ya wiki tano mzigo ulifika.

Siku ya kufunga niliomba kukaa karibu. Hawakupenda, wakanipa kiti nyuma ya kioo, lakini nilikuwa nimeshaandikisha jambo moja kwenye kadi ya kazi: kwamba bolti za mikono ya ekseli ya mbele na za ile fito inayoizuia isihame pembeni zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama chini kwa matairi yake. Kwenye maungio hayo bolti hupita katikati ya bushi za mpira, ambazo hushikamana na chuma pande zote mbili. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishushwa mpira unabaki umejipinda siku zote, na unachanika kabla ya wakati wake. Saa tisa alasiri nilimwona kijana akikaza bolti zile kwa spana ndefu huku gari likiwa bado juu ya lifti. Niligonga kioo, nikamwonyesha kadi. Alisoma, akacheka kidogo kwa aibu, akasema, "Samahani mzee, hapa huwa tunamaliza juu kwa juu." Alizilegeza zote, akashusha gari, akalala sakafuni kuzikaza upya. Bila kadi ile ningebaki kugonga kioo bure.

Nilipolichukua gari jioni, lilisimama vizuri mno. Nilikuwa nimepima kwa futi ya chuma tangu katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kabla na baada, na mbele lilikuwa limepanda milimita 45, nyuma 60 likiwa tupu. Furaha iliishia barabara ya Kilwa. Baada ya Kongowe, nilipofika kilomita 90 kwa saa, usukani ulikuwa mwepesi na hauna mahali pa kutulia. Nikikata kidogo, haurudi wenyewe. Kilichotokea nilikifahamu nilipoisoma karatasi ya alaimenti. Ekseli ya mbele ya gari hili ni nzima, imeshikwa na mikono miwili mirefu, na bodi ikipanda mikono ile huizungusha ekseli mbele kidogo. Ule mlalo unaofanana na uma wa mbele wa baiskeli, ambao ndio hurudisha usukani katikati, ulikuwa umepungua kwa takribani nyuzi mbili. Walichorekebisha kwenye mashine ni matairi kuelekea ndani au nje tu, kwa kuwa ekseli nzima haina marekebisho mengine.

Niliporudi niliambiwa kwamba hiyo ni kawaida ya gari lililoinuliwa. Sikukubali. Zipo bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, zinazorudisha mlalo huo, na seti ya aina hii haikupaswa kuuzwa bila mteja kuelezwa habari yake. Tulibishana kwa adabu kama nusu saa, mpaka meneja wa karakana akakubali kwamba bushi ninunue mimi na ufundi wabebe wao. Nadhani ilikuwa haki nusu, na niliichukua.

Safari hiyo hiyo ya pili niliwaonyesha kosa jingine ambalo lingeweza kunitia hatarini zaidi. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu ya breki inayopima mzigo kwa fito ndogo iliyounganishwa na ekseli: umbali ukiongezeka, valvu inadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari langu lilikuwa limepanda, fito haikuguswa, kwa hiyo hata likiwa na mzigo kamili breki karibu zote zilikuwa zinafanywa na magurudumu ya mbele; pale Vikindu nililiona likiinamisha pua kuliko lilivyopata kufanya. Waliisogeza shikizo la fito kwa dakika 20. Hawakuniomba fedha, na mimi sikusema neno.

Baada ya kilomita 500 nilirudi kama tulivyoandikiana, wakakaza upya zile bolti zenye umbo la U zinazobana springi za nyuma kwenye ekseli. Tatu kati ya nne zilikuwa zimelegea, kila moja kiasi cha robo mzunguko. Springi zenyewe zimeshuka milimita 10 tangu siku ya kwanza na zimetulia hapo. Kutoka Kibiti hadi Mloka sasa nakwenda nikiwa na mzigo wote bila mkia kuyumba, ila keria ya juu haipiti tena kwenye maegesho ya chini ya jengo moja pale Posta, na nikiwa na kazi huko naliacha gari nje juani.