Nilivyoupata mng'aro wa zarinfam kwenye kigae cha ncha nane

Kwa muda mrefu nilitamani kutengeneza, kwa mikono yangu mwenyewe, kigae kimoja chenye mng'aro wa zarinfam, ile rangi ya dhahabu isiyo na dhahabu ndani yake, ambayo wafinyanzi wa Kashan nchini Iran waliifikisha kileleni kati ya mwisho wa karne ya 12 na karne ya 14. Kilichonivuta hasa ni vigae vya Imamzada Yahya, kaburi takatifu lililoko Varamin, vilivyotengenezwa mwaka 1262. Vigae hivyo viling'olewa ukutani katika karne ya 19 na kutawanywa duniani, jambo ambalo hunisikitisha kila ninapovitazama, na baadhi yake vimo katika Victoria and Albert Museum hapa London ninapoishi. Ukikitazama kimojawapo uso kwa uso, unaona rangi ya kahawia tu juu ya weupe, lakini ukisogea kidogo pembeni mwanga unageuka na uso mzima unawaka.

Mwongozo wangu mkuu ulikuwa maandishi ya Abu'l-Qasim, mtu wa ukoo wa Abu Tahir, ukoo uliorithishana ufinyanzi huko Kashan kizazi baada ya kizazi. Yeye mwenyewe alikuwa mwanahistoria katika baraza la wafalme wa Kimongolia waliotawala Iran, na mwaka 1301 aliandika maelezo ya kazi ya jamaa zake kwa uwazi ambao mafundi wa zamani hawakuwa nao mara nyingi. Anasema mwili wa chombo hutengenezwa kwa sehemu kumi za mawe meupe ya kwatzi yaliyosagwa, sehemu moja ya kioo kilichosagwa na sehemu moja ya udongo mweupe. Nilifuata vipimo hivyo hivyo. Mchanganyiko huo hauna unyumbufu wa udongo wa kawaida, kwa hiyo haufai kuvutwa kwenye gurudumu na mtu asiyeuzoea, ila kwa kigae unachoshindilia ndani ya kalibu unafaa sana, na ukishaiva huwa mweupe kiasi cha kukufanya uelewe kwa nini Waajemi waliuchagua walipotaka kushindana na kauri za China. Nilikipaka kigae tabaka la kioo lililotiwa madini ya bati ili lisipitishe nuru, nikakichoma kwenye nyuzi 1000 hivi, kikatoka cheupe na laini. Huo ndio moto wa kwanza.

Kuhusu rangi yenyewe, Abu'l-Qasim anataja aseniki nyekundu na ya manjano, shaba iliyochomwa na fedha safi, vyote vikisagwa kwa saa 24 na kuyeyushwa katika maji ya zabibu au siki. Aseniki niliiacha kabisa kwa kuwa ni sumu, na matokeo ya kazi yangu yananithibitishia kwamba fedha na shaba ndizo zinazofanya kazi kubwa. Nilichanganya kaboneti ya fedha, kaboneti ya shaba na ngeu (udongo mwekundu) nyingi, nikalainisha kwa siki hadi rangi ikakubali kutiririka kwenye brashi. Nilipaka eneo lote la katikati, kisha kwa ncha ya mti nikakwangua ndani ya rangi mistari midogo iliyojiviringa na majani, kwa maana mkwaruzo huo ndio unaoitambulisha kazi ya Kashan. Sikuchora watu wala wanyama, kwa sababu vigae vya Varamin vilikuwa vya mahali pa ibada na vina majani, maua na aya za Kurani pekee.

Moto wa pili ndio uliokuwa kiini cha kazi yote, na hapa ningemwomba msomaji awe na subira nami. Kigae kinapaswa kufika takriban nyuzi 650, joto ambalo kioo kinaanza kulainika bila kuyeyuka, na papo hapo moto unyimwe hewa na kulishwa moshi. Moshi huo una kaboni monoksaidi, nayo kwa kiu yake ya oksijeni huinyang'anya fedha na shaba, ambazo zimekwisha kuingia ndani ya kioo na kuchukua nafasi ya sodiamu, hata zikabaki chembe za metali ndogo mno zilizojipanga chini kidogo ya uso. Joto likipungua metali haiingii. Likizidi, ngeu inaganda kwenye kioo na mchoro unaharibika. Abu'l-Qasim anazungumzia moshi mwepesi kwa saa 72 katika tanuri lililojengwa mahususi. Mimi nilitumia tanuri dogo la gesi lililo uwanjani, nikafunga bomba la moshi nusu, na kila baada ya dakika chache nikasukuma vijiti vikavu kupitia tundu la chini, nikiwa nimevaa barakoa. Kipimajoto kilinipa namba, ila mwamuzi wa kweli alikuwa vipete vya majaribio vilivyopakwa rangi ile ile, ambavyo nilivitoa kimoja kimoja kwa fito ya chuma, nikavifuta na kuvigeuza juani. Kilipotoka kipete chenye mng'aro wa kaharabu, nilizima gesi na kuziba kila tundu.

Kigae kilipopoa kilikuwa kimefunikwa na ukoko mweusi usio na dalili yoyote ya uzuri. Nilikisugua kwa udongo uliolowa, kama Abu'l-Qasim anavyoelekeza, na mng'aro ukajitokeza kuanzia katikati: kaharabu iliyokolea, huku mistari niliyoikwangua ikibaki myeupe na kali. Upande uliokuwa karibu na tundu la vijiti umeelekea wekundu wa shaba, na upande wa mbali una umanjano wenye ukijani kidogo, ambao ni tabia ya fedha. Tangu hapo nimekuwa nikivitazama vigae vya Varamin kwa jicho jingine, kwani navyo havilingani rangi, na sasa ninapoona kimoja chenye wekundu pembeni mwa kingine cha manjano, najiuliza kila kimoja kilisimama wapi ndani ya tanuri na moshi ulikifikia kutoka upande upi.