Jaji Bourquin na maneno ya jikoni

Juma hili nimekuwa nikisoma habari za Jaji George M. Bourquin, ambaye Rais Taft alimteua mwaka 1912 kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho huko Montana, jimbo la wafugaji na wachimba shaba. Alikikalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 20, lakini mawazo yangu yamenasa kwenye Januari 1918, alipoisikiliza kesi ya mfugaji Ves Hall.

Marekani ilikuwa vitani na Ujerumani. Hall alikuwa amesema kwamba angetoroka kuliko kuandikishwa jeshini, kwamba Wajerumani wangeshinda, na kwamba Rais Wilson alikuwa kibaraka wa matajiri wa Wall Street, naye akashtakiwa chini ya Sheria ya Ujasusi ya 1917. Bourquin hakuyatetea maneno hayo. Alichotaka kujua ni yalisemwa wapi na yangeweza kumfikia nani. Ikaonekana kwamba yalisemwa jikoni na katika ubishi wa baa, kwenye kijiji cha watu wapatao 60, maili 60 kutoka kwenye reli, pasipo mwanajeshi hata mmoja kwa mamia ya maili. Kwa kuwa sheria ilidai nia ya kuvuruga jeshi, na nia hiyo haikuthibitishwa, jaji aliona kwamba Hall hakuwa na kesi ya kujibu, akaagiza aachiliwe.

Ghadhabu iliyofuata ndiyo inayonisumbua. Mwezi wa Februari bunge la Montana liliitwa katika kikao maalumu, likapitisha sheria ya uchochezi yenye kifungo cha hadi miaka 20, na kufikia Mei Bunge la Marekani lilikuwa limeifuata karibu neno kwa neno. Yaani hukumu iliyomwokoa mtu mmoja ilichochea sheria iliyowafunga wengi. Je, jaji alipaswa kuyaona hayo mbele yake? Sidhani, aliulizwa kuhusu Hall, akajibu kuhusu Hall.

Jaji mwingine, Charles Crum wa mahakama ya jimbo, alikuwa ametoa ushahidi wa kumtetea Hall, na kwa sababu hiyo wabunge walimfungulia mashtaka ya kumvua ujaji. Bourquin hawakuweza kumgusa, maana Katiba ya Marekani humpa jaji wa shirikisho kiti cha maisha. Ninamheshimu, ila nakiri kwamba ujasiri wa Crum ulikuwa wa gharama kubwa zaidi.

Hata hivyo kinga hiyo hakuikalia bure. Mwaka 1920 alimwachia huru John Jackson, mgeni aliyekuwa akingoja kufukuzwa nchini kwa uanachama wa chama cha wafanyakazi cha IWW, kwa kuwa ushahidi ulipatikana katika misako ya mjini Butte, Montana, iliyofanywa bila hati ya upekuzi.

Mwaka 2006 gavana wa Montana aliwasamehe watu 78 waliohukumiwa kwa ile sheria ya jimbo. Hall hakuhitaji msamaha huo.